Kina cha Mbegu ya Mahindi Katika Mashamba ya Kangemi

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapokaribia kwisha na mawingu mazito yanapoanza kukusanyika alasiri, watu wa Kangemi huonekana na majembe mabegani. Wengine wana vipande vya ardhi walivyorithi kwa baba zao, wengine wamekodi, na wengine hulima ukanda mwembamba tu nyuma ya nyumba za kupangisha au kwenye mteremko ushukao kijitoni. Tangu mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963 na Kangemi ikaingizwa ndani yake, mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, na palipokuwa na migomba na viazi sasa pana majumba ya ghorofa. Hata hivyo mahindi hayajaondoka. Penye nafasi ya mistari minne, mistari minne hupandwa.

Siku kumi au kumi na mbili baada ya kupanda, mwenye shamba huenda kutazama kazi yake. Hapo ndipo furaha na huzuni hugawanywa. Shamba moja limejaa miche iliyosimama sawasawa kama askari. Shamba la jirani, lililopandwa siku ile ile kwa mbegu ya pakiti ile ile, lina mapengo kama kinywa cha mzee. Mwenye mapengo humlaumu muuzaji wa mbegu, au ndege, au mvua. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingi sana kosa limelala mahali ambapo hakuna aliyepatazama, nalo ni kina, yaani umbali kutoka uso wa ardhi mpaka pale mbegu ilipowekwa.

Karibu kila mkulima amepata kuambiwa na Bwana Shamba kwamba mahindi hupandwa inchi mbili kwenda chini, ambazo ni sawa na sentimita tano. Neno hilo ni la kweli, na wengi hudhani wanalifuata. Jambo wasilolifikiri ni kwamba pigo moja la jembe halitoi kina kimoja kila mahali. Katika udongo uliotifuliwa sana, jembe huzama inchi nne au tano bila mtu kutumia nguvu. Katika ardhi ambayo haikulimwa, pigo lile lile hukwaruza inchi moja tu, au moja na nusu. Basi mtu akibadili namna yake ya kulima, asibadili mkono wake wa kupanda, amekwisha badili kina cha mbegu pasipo kujua.

Hasara yake si ndogo. Na ichukuliwe kiwanja cha futi 50 kwa futi 100, kipimo ambacho kila mtu wa Nairobi anakijua. Mistari ikiachana sentimita 75, na mmea na mmea sentimita 25, kiwanja hicho huingia mashimo yapata 2,500. Mmea mmoja kwa kawaida huzaa hindi moja la maana. Ikiwa katika kila mashimo matano limekufa moja, mahindi 500 yamepotea kabla hata palizi ya kwanza haijaanza; nayo yakikomaa vizuri na kupukuchuliwa yangepita nusu ya gunia la kilo 90. Kwa mtu mwenye eka ishirini hayo ni kidogo. Kwa mama anayewapikia watoto githeri kutokana na kiwanja kimoja, hayo ni majuma mengi ya chakula ambacho itambidi akinunue sokoni.

Tena mbegu yenyewe siku hizi ni ya fedha. Zamani mtu alichagua mahindi mazuri ya mwaka uliopita, akayaning'iniza juu ya moshi wa jikoni, akayapanda. Kazi ya kuzalisha mbegu bora ilianzishwa Kitale mwaka wa 1955 chini ya Michael Harrison, na mwaka wa 1964 ikatolewa mbegu chotara ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo H611, ambayo mama yake alikuwa mahindi ya Kenya na baba yake mahindi yaliyoletwa kutoka Ekwado, Amerika ya Kusini. Mbegu chotara huzaa sana, lakini yapasa kununuliwa upya kila msimu, kwani watoto wake hawafuati nguvu za wazazi wao. Mtu aliyenunua pakiti ya kilo mbili hawezi kuitupa ardhini kama mchanga.

Mbegu hufanya nini gizani

Ili kuelewa kwa nini inchi moja inaweza kuleta tofauti kubwa, yafaa kujua mambo yanayotendeka chini ya ardhi katika siku zile ambazo shamba laonekana kama halina kitu.

Punje ya mahindi hunywa maji kwanza. Haianzi kazi yoyote mpaka imekunywa maji yanayokaribia thuluthi moja ya uzito wake. Ikiwa imezungukwa na udongo wenye unyevu ulioigusa pande zote, hunywa upesi. Ikiwa imelala katikati ya mabonge, ikigusana na udongo mahali pawili tu na hewa mahali pengine pote, hunywa polepole, au hunywa nusu ikakauka tena na kufa. Baadaye hutoa mzizi mmoja uelekeao chini. Kisha hutoa ncha ielekeayo juu, nayo imefunikwa kwa ala ngumu, iliyochongoka kama mkuki, ambayo kazi yake ni kuyalinda majani machanga yaliyokunjwa ndani.

Kati ya punje na ncha hiyo kuna kishina cheupe kinachorefuka. Hicho ndicho kinachoisukuma ncha juu. Ncha inapokaribia uso wa ardhi na kuonja mwanga, kishina huacha kurefuka, na pale kilipoachia, yapata robo tatu ya inchi chini ya uso wa udongo, hujengwa kifundo. Katika kifundo hicho ndimo hutoka mizizi ya pili, ile minene, ambayo itaulisha mmea na kuushikilia usianguke mpaka siku ya kuvuna.

Hapa pana jambo la kustaajabisha, linalopinga imani ya watu wengi. Husemwa kwamba mbegu ikizikwa chini sana mizizi itakuwa ya chini sana, na mahindi hayataangushwa na upepo. Sivyo. Mbegu iliyowekwa inchi mbili na mbegu iliyowekwa inchi nne zote hujenga kifundo karibu mahali pamoja, kwa sababu kinachoamua ni mwanga wala si punje. Ile ya inchi nne imepata kazi tu ya kusukuma inchi mbili zaidi, kwa akiba ile ile ya chakula iliyomo ndani ya punje. Ikiwa nguvu zimekwisha njiani, ala hupasuka chini ya ardhi, na majani hukunjuka huko huko gizani, yakajikunja kama utepe wa manjano, yasitoke kamwe.

Lakini mbegu iliyowekwa inchi moja au pungufu ina msiba wake mwingine. Kifundo chake hakina nafasi ya kukaa, basi hujengwa juu kabisa, katika udongo ambao jua la siku tatu hulikausha. Mizizi ya pili hutoka, hukuta ukavu, hukauka ncha. Mche unaweza kuonekana mzuri kwa majuma matatu kwa sababu ya mzizi wa kwanza, kisha siku moja ya upepo ukalala chini. Na mbegu ya juu ndiyo ya kwanza kuonekana na kunguru na panya.

Kuna hasara ya tatu isiyoonekana upesi, nayo ni ya miche kutoka kwa siku mbalimbali. Kangemi iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake si wenye joto kama wa pwani. Mahindi yaliyopandwa vizuri Mombasa huweza kutokeza siku ya tano. Kangemi huchukua siku saba mpaka kumi, na kila inchi moja inayozidi huongeza siku moja hivi. Katika mstari ambao mbegu moja iko inchi mbili na ya pili inchi tano, mche wa kwanza utakuwa na majani mawili wakati wa pili unapochungulia. Huo wa pili hautamfikia ndugu yake tena. Utakaa kivulini, utakunywa maji na kula mbolea, na mwisho wake utatoa kibuzi kisicho na punje, au usitoe kitu. Mmea wa namna hiyo hauzidi gugu kwa faida.

Udongo mwekundu chini ya jembe

Udongo wa Kangemi, kama ule wa Kabete, Kikuyu na Limuru, ni ule mwekundu mzito wa kwenda chini sana, uliotokana na mawe ya volkano. Ni udongo mwema. Hupitisha maji, hauwi tope la kunata kwa siku nyingi, na kwa asili yake huvunjika chembe chembe ndogo zinazoshikana. Mvua ya mahali hapo, yapata milimita 1,000 kwa mwaka, hugawanyika kati ya masika na vuli, hivi kwamba mtu mwenye bidii huweza kupanda mara mbili.

Desturi ya wengi ni kulima shamba zima kwa jembe la meno, kugeuza udongo mpaka kina cha kiganja na zaidi, kisha kuchimba mashimo kwa jembe la kawaida. Kazi hii huua magugu na kuulegeza udongo, na wanaoifanya vizuri hupata mavuno mema. Makosa yake ni mawili. La kwanza limekwisha tajwa: udongo umelegea, na jembe linazama. Mtu anayepanda upesi kwa sababu mawingu yanamtisha huchimba mashimo ya inchi nne, tano, tatu, sita, kama mkono unavyoangukia, na kufukia kwa mguu bila kutazama. Tena kwenye mteremko mvua kubwa ya kwanza huujaza kila shimo kwa udongo uliochukuliwa kutoka juu, na mbegu iliyokuwa inchi tatu asubuhi huwa inchi tano jioni.

La pili ni mabonge. Shamba lililolimwa likiwa kavu huwa na mabonge ya ukubwa wa ngumi. Mbegu ikianguka kati yake huteremka katika uwazi mpaka mahali ambapo mpandaji hakupakusudia. Dawa yake si kuyaponda mabonge yote mpaka udongo uwe unga, kama wafanyavyo wengine kwa kupenda shamba lionekane safi. Udongo uliofanywa unga hupigwa na matone ya mvua, huziba, na jua likitoka hufanya gamba juu. Udongo mwekundu wenye samadi ya kutosha hulivumilia jambo hilo. Ule uliochoka, au uliokanyagwa kila siku na wapita njia, hauvumilii. Mche wenye nguvu hulipasua gamba; mche uliotoka inchi nne, uliokwisha choka, hupinda chini yake. Kinachotakiwa ni kuvunja mabonge pale tu mbegu itakapolala, upana wa viganja viwili, na kuuacha udongo mwingine ukiwa na mikunjo yake.

Huko Kabete, jirani ya Kangemi, majaribio ya muda mrefu ya mahindi na maharagwe yalianzishwa mwaka wa 1976 juu ya udongo huu huu mwekundu. Yameonyesha kwamba ardhi ilimwayo mfululizo pasipo kurudishiwa kitu hupungukiwa uhai wake, na kwamba mazao bora hupatikana pale mbolea ya dukani inapotumiwa pamoja na samadi. Jambo hilo lahusu kina pia. Samadi na majani yaliyooza ndiyo gundi inayozishika zile chembe ndogo za udongo zisisambaratike. Yakipungua, gamba huja.

Na kwa kuwa mbolea imetajwa, yafaa kusema neno moja juu yake hapa hapa. Mbolea ya kupandia, kama vile DAP, huunguza mbegu ikiigusa. Huwekwa kwanza shimoni, ikafunikwa kwa udongo wa inchi moja, ndipo mbegu ikawekwa juu. Maana yake ni kwamba shimo lenyewe lazima liwe inchi tatu na zaidi ili mbegu ikae inchi mbili. Wengi huchimba shimo la inchi mbili, huweka mbolea, hufunika, huweka mbegu, na mbegu hujikuta inchi moja tu chini ya jua. Wengine, kwa kukimbia kosa hilo, huviweka vyote pamoja na kuunguza mbegu.

Plau na trekta

Wakazi wengi wa Kangemi wana makwao mbali na Nairobi, hasa Magharibi ya Kenya, na wengi wao hutuma fedha za kulimia kila mwaka au huenda wenyewe wakati wa kupanda. Huko kazi hufanywa mara nyingi kwa plau ya ng'ombe, na kosa la kina huwa la namna nyingine.

Desturi inayopendwa ni kupanda nyuma ya plau: mtoto au mama hufuata akidondosha mbegu katika mfereji, na plau ikirudi huufunika mfereji huo kwa udongo wa mfereji wa pili. Kazi huenda upesi ajabu, na upesi ni jambo kubwa mvua ikiwa imekwisha anza. Lakini mfereji wa plau una inchi tano, sita, na udongo unaogeuzwa juu ya mbegu haulingani. Hapa ni bonge, pale ni vumbi. Anayependa kuendelea na desturi hiyo na aidondoshe mbegu ubavuni mwa mfereji, katikati ya kimo chake, wala si chini kabisa, au aipunguze plau kina katika ule mzunguko wa kupandia. Aliye na nafasi zaidi ni heri alime kwanza, kisha apande kwa kamba na mashimo.

Trekta ya kukodi huleta taabu ya mabonge makubwa. Mwenye trekta hulipwa kwa eka, naye hupita mara moja na kwenda zake. Ardhi iliyopinduliwa kwa plau ya sahani na kuachwa bila kupitishwa haro si mahali pa kupanda. Ina mashimo yaliyofichika chini, na hata mtu akipima inchi mbili kwa uangalifu, mvua ikishuka udongo hujipanga upya na kila mbegu hupata kina chake. Ni afadhali kusubiri mvua moja nzuri iushushe udongo, kisha kupanda siku ifuatayo, kuliko kupanda juu ya ardhi inayoelea. Hata hivyo kusubiri huku kusizidi siku chache, kwani mahindi yaliyochelewa hayaponi kwa kina chochote.

Kupanda bila kulima

Wapo wanaojiuliza kama kulima kwenyewe ni lazima. Swali hili si geni. Kabla ya jembe la chuma kuenea, Wakikuyu walikuwa na fimbo ndefu ya kuchimbia iitwayo muro. Mwaka wa 1943, Mmarekani Edward Faulkner aliandika kitabu kilichoishutumu plau, na watu wengi walimcheka. Mwaka wa 1962 mkulima Harry Young wa jimbo la Kentucky alipanda mahindi katika ardhi isiyolimwa, na mwaka wa 1972 Herbert Bartz alianza kufanya hivyo katika jimbo la Paraná nchini Brazil, ambako mvua zilikuwa zikiyachukua mashamba yaliyolimwa. Kutoka Brazil kimekuja pia kipandio cha mkono chenye midomo miwili ya chuma, ambacho mtu hukichoma ardhini akiwa amesimama, na mbegu ikaanguka.

Kwa shamba la mteremko kama mengi ya Kangemi, namna hii ina faida iliyo wazi: udongo haukutifuliwa, basi hauchukuliwi kwenda kijitoni, na matandazo ya mabua huzuia matone ya mvua yasifanye gamba. Lakini kuhusu kina ni namna inayomhukumu mzembe kwa ukali. Ardhi ni ngumu. Jembe au panga hugota juu, na mtu aliyezoea udongo laini huridhika upesi. Mbegu nyingi zilizopandwa bila kulima hufa kwa kuwa juu mno, kinyume cha zile za udongo uliolimwa, ambazo hufa kwa kuwa chini mno. Tena wengine hupima kutoka juu ya matandazo: inchi moja ya mabua na inchi moja ya udongo, wakahesabu mbili. Mabua hayahesabiwi. Yasogezwe kando, kina kipimwe katika udongo mtupu, mbegu ifunikwe na kukandamizwa kidogo kwa mguu, ndipo mabua yarudishwe ubavuni mwa mstari, yasiukalie.

Ule mpasuko unaofanywa na panga au kipandio usipofungwa, hewa huingia na mbegu hukauka, au panya huifuata kama njia yake. Vipande vya bua vikisukumwa shimoni pamoja na mbegu huizuia isiguse udongo. Pia ardhi iliyo chini ya matandazo ni ya baridi kidogo, na miche huweza kuchelewa siku moja au mbili. Mtu asiogope akaanza kufukua.

Palipo na kikwazo kikubwa si hapo, ila kwa ng'ombe. Kangemi na Kabete watu hufuga ng'ombe wa maziwa zizini, na mabua ya mahindi ndiyo chakula chao wakati wa ukame. Kumwambia mama mwenye ng'ombe mmoja ayaache mabua yaoze shambani ni rahisi kwa asiyekunywa maziwa hayo. Kilicho cha haki ni kugawa: majani na ncha kwa ng'ombe, vishina vigumu vya chini kwa shamba, na samadi ya zizi irudi katika mashimo. Asiye na matandazo ya kutosha na asiache kulima kabisa, kwani ardhi ngumu iliyo wazi haina faida ya namna yoyote kati ya hizo mbili. Achimbe mistari ya kupandia tu, na kuiacha nafasi ya katikati.

Pale inchi mbili zisipofaa

Sheria ya inchi mbili ni ya udongo mwekundu wenye unyevu. Mtu akivuka Nairobi kwenda upande wa mashariki, kuelekea Embakasi na mbuga za Athi, hukuta udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Huko maji husimama, hewa hukosekana chini, na mbegu iliyozikwa sana huoza. Inchi moja na nusu zatosha, juu ya tuta ikiwezekana.

Kwa upande mwingine, watu wa Machakos na Kitui, ambako mvua ni za haraka, hupanda katika vumbi kabla mvua haijanyesha. Wao hufanya vema kwenda inchi tatu hata nne, ili mvua ndogo ya kudanganya isiiamshe mbegu kisha ikaiacha ife kwa kiu; mvua inayofika inchi nne ni mvua ya kweli. Wanakubali kupoteza nguvu kidogo za mche ili wasipoteze shamba zima. Katika Kangemi hakuna haja ya kuiga jambo hilo isipokuwa mwaka wa mvua za mashaka.

Wako watu waliokwenda chini zaidi ya hapo. Wahopi, ambao ni wenyeji wa nchi kavu ya Arizona huko Marekani, tangu kale hupanda mahindi yao kwa fimbo, inchi sita hata kumi na zaidi, mpaka waufikie unyevu uliofichwa chini ya mchanga. Mwaka wa 1914 mtaalamu G. N. Collins alieleza siri yake: mahindi ya Wahopi yana kile kishina cheupe chenye uwezo wa kurefuka kupita mahindi mengine. Ni mbegu iliyochaguliwa na mababu zao kizazi baada ya kizazi kwa kazi hiyo. Mbegu chotara za dukani hazikuzaliwa hivyo, na anayeziweka inchi nane anazizika.

Jinsi ya kupima

Mtu hana haja ya rula shambani. Kidole cha shahada cha mtu mzima, kutoka ncha mpaka pingili ya pili, ni inchi mbili hivi. Kisanduku cha kiberiti kikisimamishwa wima kwa urefu wake ni inchi mbili na kidogo. Anayetumia fimbo ya kuchomea mashimo aifunge kijiti cha kukingama penye kipimo, ili isizame kupita hapo. Anayetumia jembe apake alama ya rangi juu ya bamba lake. Watoto wanaosaidia kupanda waonyeshwe mashimo matano ya kwanza na kukaguliwa matano yanayofuata. Mbegu ya dukani imepakwa dawa yenye sumu, hivyo anayeishika asile kitu mpaka amenawa mikono kwa sabuni.

Kipimo hicho ni cha udongo uliokwisha kandamizwa juu ya mbegu. Udongo uliotifuliwa sana hushuka mvua ikinyesha, na funiko la inchi mbili lililo jepesi kama majivu hubaki moja na nusu. Kwa hiyo katika shamba lililolimwa kwa jembe la meno, mtu na ache inchi mbili na nusu za udongo mlegevu, kisha akanyage mara moja kwa wayo, bila kupiga kishindo. Katika ardhi isiyolimwa, inchi mbili kamili zitabaki mbili.

Anayetaka kujua shamba lake linapenda nini anaweza kupanda mistari mitatu mifupi, ya mashimo ishirini ishirini, mmoja kwa inchi moja, wa pili kwa inchi mbili, wa tatu kwa inchi nne, na kuweka vijiti vya kuitambulisha. Kila asubuhi tangu siku ya sita ahesabu miche iliyotoka, aandike. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lina makao yake makuu pale Loresho, jirani kabisa na Kangemi, na maafisa wa kilimo wapo. Lakini mistari hiyo mitatu itamwambia mtu habari za udongo wake mwenyewe, ambazo hakuna afisa anayezijua.

Ikiwa mapengo yametokea, siku ya kumi na mbili mwenye shamba achukue kisu, afukue taratibu katika mashimo kumi yaliyo tupu. Akikuta jani la manjano lililojikunja, mbegu ilikuwa chini mno au gamba liliizuia. Kama miche mingine bado imepinda chini ya gamba, na alivunje gamba hilo siku ile ile kwa tawi lenye vijiti, kwa mkono mwepesi. Akikuta punje iliyovimba kisha ikakauka, ilikuwa juu mno au haikukandamizwa. Punje iliyooza yenye harufu hueleza maji mengi. Iliyogeuka rangi ya kahawia pamoja na mzizi uliokatika ncha hueleza mbolea. Asipokuta kitu, na ardhi imechimbuliwa, ni ndege au panya. Na mche uliokatwa sawa na ardhi ni kazi ya sota, wale viwavi wa usiku, ambao humpata akifukua kando yake.

Mapengo yaliyoonekana mapema, kabla miche mingine haijapata majani matatu, huweza kujazwa kwa mahindi. Yakiwa yamechelewa kupita hapo, mahindi mapya yatakaa kivulini bure. Nafasi hizo na zipandwe maharagwe, ambayo katika udongo huo huo hutaka inchi moja na nusu tu.